Bi Mizani, Aliyeipima Maktaba

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: kamati ya mazishi ilinipa dakika kumi na ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja! Kwa dada huyu! Nimewaomba radhi, nimechukua kurasa nne, na mpiga chapa hakubisha kwa sababu yeye mwenyewe alijisomea ufundi wake kwenye meza za maktaba ya marehemu. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, karani wa posta mstaafu. Nitasoma kama alivyoniagiza, bila kuburuta maneno na bila kutia chumvi. Kwenye hilo la pili nitajitahidi.

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 6 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa mpima mizigo wa stesheni hiyo. Mtoto alipotimiza wiki mbili, baba alimbeba hadi kazini, akamlaza juu ya gunia safi kwenye mizani ya mizigo, akapata ratili nane kasoro robo. Kisha akajaza lebo kama kazi ilivyomtaka. Penye jina la mpokeaji aliandika “mama yake”, na penye maelezo akaandika “kishikwe kwa uangalifu”. Mama alinuna siku nzima, lakini lebo aliitunza, na picha yake mtaiona ukurasa wa pili wa ratiba mliyoshika.

Alitulea sisi wadogo zake kwa haki ya kutisha. Mkate ukikatwa vipande vitano, alivipanga ukingoni mwa meza, akainama mpaka jicho likawa sawa na ubao, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mpaka atoe hukumu. Ukilalamika umepunjwa, alipima upya mbele yako. Ukionekana ni kweli, alikupa chake. Ukionekana ni uroho tu, ulioga wa mwisho, kwa maji yaliyokwisha kupoa.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, kwenye majengo yanayotazamana na hospitali, na mwaka 1966 alichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya bweni, alikomaliza mwaka 1969. Huko kila bweni lilikuwa likipewa kopo moja la mafuta ya taa kwa wiki, ya kujisomea jioni. Bweni lao lilikuwa likiishiwa siku ya Alhamisi, na wasichana wakalaumiana kwamba kuna anayeiba. Yeye aliliazima kopo la mtunza stoo, akalijaza maji, akayamimina kwenye chupa moja baada ya nyingine, akagundua kwamba kitako cha kopo kilibonyea ndani na kila wiki walikuwa wakipoteza karibu chupa nzima. Alipewa adhabu ya kufyeka nyasi siku tatu kwa kuingia stoo bila ruhusa. Kabla hajaimaliza, kopo jipya lilikuwa limenunuliwa. Alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojua kazi atakayoifanya maishani.

Baada ya mafunzo ya mwaka mmoja na nusu, aliajiriwa tarehe 10 Januari 1972 katika ofisi ya vipimo na mizani ya mji, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo hapa. Kila asubuhi alitoka na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, bisibisi, koleo na mhuri, akapita duka kwa duka. Mizani iliyo sawa aliipiga mhuri. Iliyopunja aliifunga kwa waya na lakiri ya risasi, isitumike, na hakuna aliyemwona akipokea hata soda. Wafanyabiashara ndio waliompa jina la Bi Mizani. Wengine walilitamka kwa heshima na wengine kwa kusaga meno, naye aliitikia yote kwa sauti ile ile.

Na ni mizani iliyomletea mume. Mwaka 1974 alikagua bucha moja karibu na soko la zamani, akaikuta mizani yake sawa, akapiga mhuri. Wiki mbili baadaye mwenye bucha, kijana mrefu mwenye haya, alikuja ofisini kwa miguu yake kuripoti kwamba mizani imeharibika. Dada alikwenda, akakuta anayelipia kilo moja anapewa kilo na gramu arobaini zaidi. Akarekebisha. Mwezi uliofuata ikaharibika tena, upande ule ule wa kumnufaisha mteja. Mara ya tatu aliweka bisibisi chini.

“Wewe, nani anaichezea hii skrubu?”

“Mimi.”

“Unajipunja mwenyewe?”

“Sasa ningewapunja wateja si ungenifungia bucha? Ningekuona wapi tena?”

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 1975. Shemeji yetu yuko hapa mbele, mtamwona ameinamisha kichwa, na hata sasa hivi najua anacheka. Mungu aliwajalia watoto wanne, na ndoa yao ilikaa miaka arobaini na minane, mizani ikiwa sawa muda wote, nasikia.

Mwaka 1993 ulikuwa mchungu. Dada alikataa kuipiga mhuri mizani kubwa ya ghala moja la nafaka, iliyokuwa ikila kilo mbili katika kila gunia la mkulima. Mwenye ghala alikuwa na ndugu wakubwa barazani. Haikupita wiki tatu, barua ikaja: anahamishiwa maktaba ya mji, kuwa mkutubi, “kwa manufaa ya umma”. Umma wenyewe haukuulizwa. Alirudi nyumbani na sanduku lake la mbao, akakaa uani, akashika tama.

Siku ya kwanza alikuta ukumbi mmoja mrefu uliokuwa zamani ghala la mbegu. Kulikuwa na meza nane, rafu za chuma, na feni nne, moja tu ikizunguka. Mhuri wa tarehe ulikuwa umekwama kwenye mwaka uliopita, kwa hiyo kila aliyeazima kitabu alikuwa amechelewa kukirudisha kabla hajafika mlangoni. Aliufungua mhuri ule kwa bisibisi yake, akaulainisha kwa mafuta ya cherehani. Kisha akaanza kufanya alichojua. Alihesabu vitabu, akahesabu viti, akahesabu walioingia na waliotoka. Baada ya mwezi alikuja kwangu akihema kama aliyekimbia.

“Mdogo wangu, unajua watu wanafanya nini mle ndani?”

“Wanasoma.”

“Wanasoma nini! Wanafanya kazi! Kuna fundi anachora nyaya za friji kutoka kitabuni. Kuna mama anajifunza kukata kola. Mimi nilidhani nimetupwa jalalani, kumbe nimewekwa sokoni!”

Shida yake ilikuwa moja, sauti. Miaka ishirini na moja ya kuzungumza na wachuuzi haifutiki. Ukutani kulikuwa na kibao chenye neno KIMYA, na mtu aliyekumbushwa kibao hicho mara nyingi kuliko wote alikuwa mkutubi mwenyewe. Wanafunzi walimwonyesha kwa kidole, naye aliomba msamaha kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Sasa nafika kwenye kisa chenyewe, na nimeshika karatasi kwa mikono miwili. Jumatatu, tarehe 2 Machi 1998, baraza la mji liliandika kwamba maktaba itafungwa mwisho wa Juni, na jengo lake litagawanywa kuwa maduka kumi na mawili ya kupangisha. Hoja ilikuwa ya mhasibu wa baraza, bwana mwembamba mwenye miwani, mtu mwadilifu kabisa, ambaye sentensi yake moja ilizunguka mji mzima: “Maktaba inakula, haizai.” Dada hakulia wala hakuandamana. Aliomba nafasi ya kuzungumza barazani siku ya kura, Ijumaa tarehe 26 Juni, akapewa dakika kumi na tano. Kwa hiyo alikuwa na miezi mitatu na ushee ya kuonyesha maktaba inazaa nini. Akishindwa, kufuli.

Alinifuata posta siku hiyo hiyo. “Wewe ni karani, fomu unazijua. Niandikie fomu ya kupima thamani.”

Ndugu zangu, lililofuata ni kosa langu, na nalikiri mbele ya jeneza. Nilikaa nikafikiri, nikaona kitu kisichouzwa utakijua bei yake kwa kumwuliza mtumiaji. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora: “Je, ungekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi ili kutumia maktaba hii?” Nikapiga chapa nakala mia tatu, na Jumatatu tarehe 6 Aprili tukaziweka kwenye meza zote nane. Nilijiona profesa.

Kwa kawaida watu mia mbili na kumi na mbili waliingia kwa siku. Siku ya fomu waliingia mia mbili na watano. Jumatano wakawa mia moja na ishirini. Jumamosi, ambayo hujaa mpaka watu hukaa madirishani, waliingia sitini na mmoja! Fomu nyingi zilirudi na sifuri, na moja iliandikwa tu “hatuna”. Jumamosi hiyo mama mmoja mshona nguo alikuja na kadi tatu za watoto wake mkononi.

“Nimezirudisha mapema, Bi Mizani, msije mkanidai. Tumesikia mnaanza kulipisha.”

“Nani kasema tunalipisha?”

“Si fomu imeuliza tutalipa ngapi? Mtu hakuulizi bei kama hauzi.”

Dada alinigeukia. Nilikuwa nimesimama kwenye rafu za jiografia, nikitamani niwe ramani.

“Umeniulia maktaba wewe,” alisema, “hata kabla baraza halijaifunga.”

Lakini hakukaa kunilaumu, alijifunga kibwebwe. Alizichoma fomu zote nyuma ya jengo, akabandika tangazo la herufi kubwa kwamba maktaba ni bure kama jana, na akaingia mitaani kwa miguu, mlango kwa mlango, kama enzi za sanduku la mbao. Safari hii hakuuliza bei. Aliuliza maswali mawili mepesi: “Mara ya mwisho ulikuja maktaba kutafuta nini? Na ungekuta kumefungwa, ungekipata wapi?” Alivyoniambia maswali hayo nilipigwa na butwaa kwa urahisi wake. Hakuna aliyeogopa kuyajibu. Watu walimkaribisha ndani, wakamletea kiti, wakafunguka.

Jamani, majibu yale! Fundi friji alisema angepanda basi hadi mji mkuu wa jimbo, saa nne kwenda na saa nne kurudi, na siku hiyo asingetengeneza friji hata moja. Mfuga kuku mmoja alikuwa amesoma kijitabu cha magonjwa, akatenga wagonjwa mapema, akaokoa kuku sitini. Mhudumu wa zahanati alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uuguzi kwa vitabu vitatu ambavyo bei yake ilizidi mshahara wake wa miezi miwili. Mzee mmoja alisema kweli yake kwamba huja kulala chini ya feni, na dada akamwandika: feni, sifuri. Kila jibu alilikagua. Ukisema nauli ni kiasi fulani, alikwenda stendi akamwuliza kondakta. Ukitaja bei ya kitabu, aliandikia duka la vitabu na kusubiri jibu kwa posta, yaani kwangu, na ole wangu nicheleweshe. Kufikia mwisho wa Mei alikuwa amezungumza na watu 1,146, na mshona nguo alikuwa amezichukua tena kadi zake tatu.

Tukapiga hesabu. Kwa kila mia moja ambayo baraza lilitumia kwa maktaba, mji ulikuwa unaokoa mia nne na sitini. Mia nne na sitini! Niliruka juu nikagonga taa. Jumatatu tarehe 22 Juni nakala zilisambazwa kwa madiwani wote ishirini na mmoja, na kufikia jioni mji wote ulikuwa umeikariri namba hiyo. Watu walinipongeza barabarani kama mimi ndiye niliyeipata.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya kura, nilimkuta dada mezani jikoni, madaftari yote yamefunguliwa, uso umemshuka.

“Nimezidisha,” alisema. “Huyu fundi friji nilimwandika nauli ya kwenda kukisoma kitabu, halafu chini nikamwandika na bei ya kukinunua. Mtu akikinunua haendi kukisoma. Nimewaandika wengi hivyo, mara mbili mbili.”

“Inashuka mpaka wapi?”

“Mia mbili na themanini.”

“Dada, karatasi zishasambazwa. Nani ataingia humo kutafuta jambo dogo hivyo?”

“Miaka ishirini na moja nimewafungia watu mizani kwa gramu kumi. Kesho nisimame na yangu inayozidisha?”

“Wataifunga maktaba!”

“Basi waifunge kwa hesabu iliyo sawa.”

Niliondoka bila kuaga. Ni mara pekee maishani nilipomfanyia hivyo, na nilimwomba msamaha baadaye, akasema hata hakugundua, alikuwa anajumlisha.

Ijumaa ukumbi wa baraza ulifurika. Mhasibu alizungumza kwanza, akaonyesha jinsi maduka kumi na mawili yatakavyoingiza kodi mwezi baada ya mwezi. Kisha dada akasimama, akiwa amevaa gauni lake la buluu la kazini, na mkononi ana kalamu moja nyekundu.

“Waheshimiwa, karatasi mliyonayo ina kosa langu. Fungueni ukurasa wa tatu. Pale penye mia nne na sitini, kateni. Andikeni mia mbili na themanini.”

Ukumbi ulilipuka. Madiwani waliokuwa upande wetu walishika vichwa. Mhasibu alisimama, kidole juu. “Mnaona! Mwenyewe anakiri hesabu zake si za kweli!”

“Nakiri,” dada alijibu, kwa ile sauti ya sokoni, isiyohitaji kipaza sauti. “Nilizidisha, nimetoa, na daftari hili hapa, kila mtu aje akague. Sasa bwana mhasibu, nikuulize moja. Maduka yako kumi na mawili umeyahesabu yote yana wapangaji?”

“Ndiyo, yote.”

“Miezi yote kumi na miwili?”

“Ndiyo.”

“Jengo la baraza pale mkabala na stendi lina vyumba kumi na sita. Nimepita juzi. Saba vina kufuli zenye kutu. Na gharama ya kujenga hizo kuta za kugawa ukumbi, mbona siioni?”

Aliinyoosha ile kalamu nyekundu kuelekea kwake. Na hapa, ndugu zangu, nataka mmheshimu yule mhasibu kama ninavyomheshimu mimi. Angeweza kubisha. Angeweza kusema hilo si swali la leo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma karatasi yake kutoka juu hadi chini huku watu wote tukisubiri. Kisha akaja mbele, akaipokea kalamu, akakata.

“Na yangu imezidi,” alisema. “Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.”

Ilipotolewa gharama ya kuta na kodi ya maduka ambayo yangekaa matupu kama vile vyumba vya stendi, kila mia moja ambayo baraza lingetumia kwa maduka ingerudisha mia moja na kumi tu. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Wa kufunga, kumi. Wa kuacha wazi, kumi na moja! Tuliponea chupuchupu, kwa mkono mmoja! Diwani mmoja aliyebadili msimamo alisema baadaye kwamba mia nne na sitini hakuiamini hata kidogo. Alianza kuamini pale mwanamke huyo alipojikata mwenyewe mbele ya watu. Mimi sikuyasikia hayo siku ile kwa sababu nilipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akanitoa nje, nikaendelea kupiga kelele barabarani.

Tangu hapo, kila mwezi wa Mei dada aliipima maktaba upya, na kila Mei mhasibu alikaa upande wa pili wa meza akimkagua mstari kwa mstari. Walibishana kwa raha zao, wakionyeshwa kile kibao cha KIMYA na wanafunzi. Miji mingine ilisikia, ikatuma watu kujifunza. Aliwapa daftari, akawapa maswali yake mawili, na akawasimulia habari za fomu yangu ili wapate kucheka na kujihadhari. Maktaba saba zilipimwa kwa njia yake. Tano ziko wazi hadi leo. Mbili zilifungwa hata hivyo, na aliniagiza nizitaje, nisije nikasoma tano peke yake kama kwamba hazikuwa saba.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akiwa na miaka sitini. Ghala la mbegu la zamani lilikuwa sasa na meza ishirini na sita, feni zote zikizunguka, na chumba cha kompyuta ambacho yeye mwenyewe alikiogopa kwa miezi miwili, kisha hakutoka tena. Yule mhudumu wa zahanati alikuwa amekuwa muuguzi mkuu wa wodi.

Mwaka 2022 moyo wa dada yetu ulianza kupanuka. Alilazwa mara nne. Safari ya kwanza alimwambia muuguzi kwamba mizani ya wodi inapunguza kilo mbili, na kwa mgonjwa anayepimiwa dawa kwa uzito hilo si dogo. Waliipeleka kupimwa, ikawa kweli, na tangu siku hiyo madaktari walimsalimia kwa kumwita mkaguzi. Katika wiki zake za mwisho alikuwa na pumzi fupi na akili timamu. Tulizungumza kila alasiri. Aliniuliza habari za maktaba kabla ya kuniuliza habari zangu, nami nilijifanya nimechukia. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mume wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi tisa na siku sita.

Nimesoma kwa furaha na baadhi yenu mmenitazama kwa mshangao. Nisameheni. Nina uchungu, nina uchungu mkubwa, na jana nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Lakini kila nikianza kulia nakumbuka mikono kumi na moja iliyonyooshwa, na furaha inanizidi nguvu.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, wadogo zake watatu pamoja na mimi tuliobaki, na wasomaji wenye kadi 8,417, kwa hesabu ya Alhamisi jioni.

Jambo moja la mwisho. Aliagiza kwamba siku atakayozikwa maktaba isifungwe hata kwa saa moja. Leo ni Jumamosi, siku ya watu wengi, na wafanyakazi wote sita walitaka kuwa hapa kumzika. Tulikaa jana tukikuna vichwa, nani abaki. Ndipo alipoingia mzee mmoja mwembamba mwenye miwani, miaka themanini na moja, anatembea kwa mkongojo. Alinyoosha mkono kwa mkutubi mkuu, akaomba ufunguo.

“Nyinyi nendeni mkamzike,” alisema mhasibu. “Mimi nitafungua.”

Amenitumia ujumbe kabla sijasimama. Alifungua saa mbili kamili. Kufikia saa nne na nusu wameingia mia moja na tisa, na wanasoma.

Pumzika, dada yangu. Mungu akulaze pema, kwa amani.